Kuponi ya Kuona Mamba

Stima ilipotea Minjila kabla ya saa tatu usiku, na hakuna aliyeshangaa. Ilikuwa Novemba 2023. Mvua ya vuli ilikuwa imekataa kuisha, Mto Tana ulikuwa umevunja kingo, na barabara ya kwenda Lamu ilikuwa imekatika huko mbele, upande wa Gamba. Dereva wa basi letu alizima injini, akashuka, akayaangalia maji kama mtu anayesoma bili ya hospitali, akasema neno moja tu: "Jipangeni."

Kujipanga kwangu kulikuwa rahisi. Mama Mdogo ana hoteli pale njia panda. Usidanganywe na neno hoteli: ni meza sita, mabenchi, jiko la mkaa lisilozimika, na runinga iliyofungiwa ndani ya kizimba cha nondo kama simba.

"Wakili kaja!" alipiga kelele aliponiona mlangoni nikichuruzika maji. Watu wakageuka kunitazama. Nikatoa lile tabasamu langu ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwa miaka miwili.

Tulikuwa sita mle ndani. Mama Mdogo, mimi, utingo wa basi letu, kina mama wawili wenye magunia ya maembe, na mzee mmoja aliyevaa kofia, amekaa karibu na jiko, koti limefungwa vifungo hadi kidevuni. Mzee yule namjua. Kijiji chake kinapakana na chetu, ng'ambo ya maji, na alikuwa amekwama pale tangu juzi.

Ilikuwa Jumatano, na utingo alikuwa akimngoja Jeff Koinange kwenye Citizen. Stima ilipokwenda alilalamika kama mtu aliyepokonywa sahani. "Sasa leo tutalala bila Jeff?"

"Wakili si ana simu kubwa," Mama Mdogo akasema. "Hebu tuwekee kitu."

Mtandao ulikuwa umelala pia. Simu ilikuwa na chaji asilimia 41 na video chache nilizozihifadhi zamani. Nikachagua moja ambayo huwa naitazama nikishindwa kulala. Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, tukabanana.

Video yenyewe ni hii. Julai 2017, mwigizaji wa vichekesho Tiffany Haddish alikuwa mgeni kwenye Jimmy Kimmel Live!, kipindi cha mahojiano cha usiku cha runinga ya ABC huko Marekani. Alikuwa amekuja kuitangaza filamu ya Girls Trip, iliyotoka mwezi huohuo. Nje ya wapenzi wa vichekesho, wengi walikuwa hawajamjua. Akasimulia kisa kimoja tu cha dakika chache, na maisha yake yakabadilika.

Kisa kinahusu boti. Walipokuwa wakiipiga ile filamu Louisiana, Tiffany alikuwa amenunua tiketi za kutembezwa kwenye vinamasi kutazama mamba. Alizinunua kwa Groupon. Mwigizaji mwenzake alikuwa Jada Pinkett Smith, na mumewe Jada, Will Smith, alikuwa amekuja kumtembelea. Tiffany akawaalika. Wakakubali. Basi akawaendea na gari, dereva ni yeye mwenyewe, hakuna walinzi, hakuna msafara. Njiani ndipo mambo yanaanza kuwafungukia wale mabilionea: kwamba boti si lao peke yao, kwamba kutakuwa na watu wengine, na kwamba kuna kitu duniani kinaitwa kuponi.

Nilikuwa nikisimamisha video kila baada ya sentensi mbili ili nitafsiri. Kutafsiri mzaha ni kazi ngumu kuliko kutafsiri sheria, hilo nakuhakikishia. Nilikwama kwenye Groupon.

"Ni kama ofa," nikasema. "Unanunua tiketi kwenye intaneti kwa bei ya chini, lakini mnakuwa wengi."

"Si ni matatu tu!" utingo akadakia. "Bei poa, ila haiondoki mpaka ijae."

Hapo kila mtu akaelewa. Will Smith alikuwa amepakiwa kwenye matatu.

Lakini mzee alikuwa na tatizo lingine. "Hebu rudia hapo," akasema. "Walitoa pesa wakaone mamba?"

"Ndiyo, baba."

"Na mamba wale wamefungwa?"

"Hawajafungwa. Wako majini."

"Na hao watu wako ndani ya boti, juu ya maji hayohayo."

"Ndiyo."

"Na wamelipa."

"Wamelipa nusu bei."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo sisi hapa," akasema polepole, "tumekuwa matajiri miaka yote hii na hatukuambiwa."

Mmoja wa wale kina mama alicheka hadi akashika gunia lake. Ni lazima uwe umeishi kando ya Tana ili uipate ladha yote. Huu ndio mto mrefu kuliko yote nchini, kama kilomita 1,000 kutoka milima ya kati hadi unapoingia baharini Kipini. Hapa kwetu chini watu huvuka kwenda shambani, kwenda shule, kwenda hospitali, na mamba na kiboko hawamuulizi mtu kuponi. Mvua ikinyesha sana huko juu na bwawa la Masinga likajaa, sisi ndio tunaohamia mahemani.

Nimeitazama video ile labda mara 50, na kwa muda mrefu nilidhani siri yake ni kuigiza: namna anavyobadilisha sauti, anavyopanua macho, anavyomfanya Will Smith aonekane mtoto aliyepelekwa sokoni kwa mara ya kwanza. Hayo yote yapo. Vilevile si porojo za bahati. Katika vipindi vya aina ile mgeni huzungumza kwanza na watayarishaji, wakachagua pamoja ni kisa gani kitasimuliwa. Kwa hiyo Tiffany alijua anachokuja kukisema. Na katika yote ambayo angeweza kusema mbele ya Marekani nzima, usiku ambao angeweza kujifanya nyota mwenzao, alichagua kusema kwamba yeye ni mtu wa kuponi.

Huyu si mtu aliyecheza na umaskini kwa utani. Babake, Mweritrea, aliondoka akiwa mdogo sana. Mamake aliumia kichwa katika ajali ya gari, na watoto wakaishia kulelewa na watu wa nje chini ya serikali. Akiwa na miaka 15 mfanyakazi wa ustawi wa jamii alimpa machaguo mawili: ama aende kwa mtaalamu wa akili, ama aende kambi ya vichekesho ya Laugh Factory. Akaenda kucheka. Baadaye aliwahi kulala ndani ya gari lake, na amesimulia kwamba mchekeshaji Kevin Hart alimpa dola 300 atafute pa kulala. Mengi ya hayo aliyaandika kwenye kitabu chake kilichotoka Desemba 2017. Kwenye kiti cha Kimmel alileta boti tu. Lakini ukijua yaliyo nyuma, unaelewa kwa nini mtu anayefanya kazi na mke wa Will Smith bado anatafuta ofa.

Video ilipoisha, Mama Mdogo alikuwa amesimama na kijiko mkononi.

"Huyu msichana nimempenda," akasema. "Ana haya, ila hana aibu."

Nikamuuliza, si ni kitu kimoja?

"Kitu kimoja wapi? Haya ni yako mwenyewe, huwezi kumvunjia mtu heshima. Aibu huletewa na watu. Wao wanakuletea, wewe waibeba."

Akarudi jikoni kana kwamba hajasema kitu. Kisha, kwa kuwa jukwaa lilikuwa wazi na wageni wake wamechangamka, akaanza kisa chake cha mamba.

Nimekisikia tangu utotoni. Alikuwa na miaka 12, ameinama mtoni na mtungi wa plastiki wa lita 20, mara mamba akaibuka akaukamata ule mtungi badala ya mkono. Mama Mdogo hakuuachilia, kwa sababu mtungi ulikuwa mpya na nyanya alikuwa amesema atakayeupoteza asirudi nyumbani. Basi wakawa wanavutana. Yeye huku, mamba kule. Anaigiza pande zote mbili: anakunja uso wa mamba aliyechanganyikiwa na plastiki, anakunja uso wa mtoto anayemwogopa nyanya kuliko mamba. Utingo alikuwa hoi, amelaza kichwa mezani.

Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nikimtazama. Kila mara akisimulia, kisa huishia kwenye mtungi. Mamba anauachilia, mtoto anakimbia nao, una tundu, nyanya anauliza maji yako wapi. Mwisho. Hasemi siku ile walikwenda mtoni wangapi na wakarudi wangapi. Mamangu ndiye aliyeniambia, mara moja tu, na hakurudia.

Sijui kama ilikuwa chai, au giza, au hilo neno aibu lililokuwa bado linazunguka kichwani. Nikajisikia nikisema, "Basi na mimi niwape cha boti langu."

Nikaanza na harambee. Mwaka niliopata nafasi ya kusomea sheria, kijiji kilichanga Sh 87,000. Kulikuwa na jogoo aliyenadiwa mara nne: kila anayemnunua anamrudisha mnadani auzwe tena. Jogoo yule aliingiza pesa nyingi kuliko mjomba wangu mwenye duka. Nikasema kwamba kama kuna aliyestahili kuitwa Wakili kijijini kwetu, ni yeye. Wakacheka. Nikaendelea. Nikawaeleza jinsi nilivyoanguka masomo mawili mwaka wa pili. Jinsi mwaka wa tatu deni la karo lilivyonifikia, nikafungiwa mlango wa mtihani, na jinsi nilivyosimama nje nikiwa nimevaa suti niliyoazima kwa sababu siku hiyo pia tulikuwa na mazoezi ya mahakama. Jinsi ambavyo, badala ya kurudi nyumbani, nilipanga chumba Kisauni nikaanza kuandika makala za kulipwa kwa neno. Nimeandika maneno 3,000 kuhusu magodoro, nikasema, nami mwenyewe nalalia mkeka. Kwa miaka miwili nikija nyumbani nabeba kitabu kimoja kikubwa cha sheria, kilekile, na hakuna aliyewahi kuuliza mbona hakiishi.

Hapo utingo alipiga meza. Kina mama walicheka ile cheko ya kusikitika, ya kuvuta pumzi ndani. Mama Mdogo hakucheka wala hakununa, alikuwa anapanga vikombe. Nilijisikia mwepesi sana. Nikafikiri, kumbe ni hivi tu. Kumbe unaitaja kuponi yako kabla hawajaiona, na mambo yameisha.

Mzee alikuwa hajacheka.

Alifungua kifungo cha juu cha koti, akafungua cha pili, akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja. "Hii," akasema, "nilikuwa nakungoja wewe."

Niliisoma kwa tochi ya simu, chaji asilimia 19. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kwamba rejista ya ugawaji wa ardhi ya eneo lao imekamilika, na yeyote asiyeridhika na yaliyoandikwa apeleke pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 60. Kipande cha shamba lake cha kando ya mto, cha ndizi na maembe, kilikuwa kimeandikwa jina la mtu mwingine. Nikatazama tarehe. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Zilikuwa zimepita siku 51.

"Baba, mbona hukumpa mtu akusomee?"

"Watu walisema Wakili atakuja Krismasi."

Krismasi. Hiyo ingekuwa zaidi ya mwezi baada ya siku ya mwisho.

Nilikuwa nimedhani uongo wangu ni wangu. Nilidhani unaniumiza mimi na labda mamangu, na kwamba nikiupata mzaha mzuri wa kuufungia, utakuwa umekwisha. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu amekaa na karatasi kifuani siku 51 kwa kuuamini.

"Mimi si wakili, baba," nikasema. Sasa haikuchekesha.

"Nimesikia." Akaurudisha mfuko magotini, akaukunjua vizuri. "Lakini kusoma si wajua? Nisomee. Pole pole."

Nikamsomea. Nikamtafsiria neno kwa neno, na safari hii hakuna aliyedakia. Kisha tukachana karatasi kwenye daftari la madeni la Mama Mdogo, nikaandika pingamizi: jina lake, namba ya kipande, amelima hapo tangu lini, nani majirani wake wanaoweza kushuhudia. Najua kidogo namna ya kuandika mambo hayo. Sheria ya Ardhi ilikuwa mojawapo ya yale masomo mawili niliyoanguka. Nilimwambia hilo pia, nikamwambia akifika amtafute mtu anayeijua kazi aipitie kwanza. Akasaini kwa herufi kubwa, moja moja.

Alfajiri boti lilikuja. Mzee, aliyekuwa amengoja siku tatu avuke kwenda nyumbani, alilitazama likijaa, kisha akageuka akapanda bodaboda kuelekea upande mwingine, upande wa ofisi. Mimi nikapanda boti. Halikuondoka mpaka likajaa. Nilikaa kati ya mbuzi na mwanamume mmoja wa ofisini aliyevua viatu vyake vizuri akaviweka kwenye mfuko wa karatasi, na maji yalikuwa yanapita juu ya mahali ambapo wiki mbili kabla kulikuwa na barabara. Hakuna aliyepiga picha. Watu walishikilia ubao.

Tiffany Haddish alipata mengi kutokana na lile boti lake. Novemba 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza mchekeshaji wa jukwaani kuongoza Saturday Night Live, na mwaka uliofuata ikampa tuzo ya Emmy. Groupon nao hawakulala: Februari 2018 alikuwa kwenye tangazo lao la Super Bowl. Machi mwaka huohuo alivaa vazi la Eritrea kwenye zulia la Oscar kwa heshima ya babake, aliyekuwa amefariki, na mwaka 2019 akachukua uraia wa nchi hiyo. Simwonei wivu, au namwonea kidogo tu. Kwetu boti hufika kwenye runinga likishazama. Miezi mitano baada ya usiku ule wa Minjila, tarehe 28 Aprili 2024, mafuriko mengine, boti lilipinduka Kona Punda, huko juu upande wa Madogo. Watu walikufa. Taarifa ya habari ilionyesha maji, ikaonyesha waokoaji, ikahamia michezo. Hakuna kiti cha mgeni kilichowekwa usiku ule ili mtu wa mtoni akae, anywe maji, aulizwe: ilikuwaje?

Ndiyo maana bado naipenda ile video, lakini siitazami tena kama dawa. Zamani ilinifundisha kwamba ukijicheka mwenyewe mapema, hakuna atakayekucheka. Ni kweli, na inasaidia. Ila kicheko kilinitua mimi mzigo, si mzee. Yake ilikuwa karatasi, na karatasi ilihitaji kusomwa.

Mamangu nilimweleza siku hiyohiyo, nikiwa bado na matope miguuni. Nilijaribu kuanza na jogoo. Hakucheka. Alikaa kimya siku mbili, siku ya tatu akaniuliza kama huko Kisauni nakula vizuri.

Mzee alinipigia Januari. Pingamizi lilipokelewa siku ya 54, likapigwa muhuri, na bado linangoja kusikizwa. Alitaka kujua neno moja lililo kwenye stakabadhi.

"Wakili," alianza.

"Baba, si nilikwambia."

"Uliniambia," akasema. "Sasa nisomee."